Kicheko Kilichosafishwa

Tii. Halafu mkwaruzo kidogo, kama mtu anakunja mfuko wa nailoni, halafu mimi: "Viatu vya watoto!" Halafu mwenzangu: "Lete mguu!" Mimi tena: "Buku tano!" Naye anavuta: "Lete mguu mama, lete mguuu," na hapohapo kicheko, kicheko cha mtu aliyejibana mpaka ameshindwa. Tii. Tunaanza upya.

Sauti hiyo ya spika niliisikia kutwa nzima, miezi karibu minane, Kariakoo, kwenye meza ya viatu mbele ya duka la bosi wetu. Hata leo nikiwa naosha vyombo inanijia yenyewe, na mkono unasimama ndani ya povu nikingoja kicheko.

Kabla ya spika tulikuwa tunanadi kwa midomo. Kunadi kunataka watu wawili. Mmoja anarusha neno, mwingine analidaka kabla halijaanguka chini. Mimi nilikuwa mrushaji, yeye mdakaji. Nikisema "viatu vya watoto", nyuma yangu inakuja "lete mguu", na wateja walikuwa wanageuka kwa sababu yake, si kwa sababu yangu. Alikuwa na sauti nene kidogo, ya kubembeleza, mtu anajiona ameitwa yeye. Tulikuwa na chupa ya tangawizi chini ya meza kwa ajili ya makoo. Jioni tunarudi Ilala kwenye chumba chetu kimoja, hatuna sauti kabisa, tunaongea kwa mikono na kucheka bila mlio kama mabubu. Mimi nimeishia kidato cha pili, yeye la saba, lakini kwa kuongea kwa mikono tulikuwa tumemaliza chuo kikuu.

Siku bosi alipokuja na spika tulifurahi. Tulimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi waliotoka Kilimanjaro, na hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mabinti, rekodini mara moja tu, mpumzishe makoo." Tulishika ile spika kama tumepewa zawadi. Tukarekodi mara ya kwanza, hatukuipenda. Mara ya pili, mimi nikakohoa. Mara ya tatu, mwenzangu yuko katikati ya "lete mguu mama", akapita mbeba mizigo na mkokoteni wake, akasimama, akaweka mguu wake juu ya meza yetu, mguu wenye magaga kama ukuta wa zamani, akasema taratibu, "Huu hapa. Nivalisheni."

Ndicho kile kicheko. Nilitaka turudie mara ya nne, Mangi akakataa. "Acheni hivyohivyo. Kicheko kinauza."

Kweli kiliuza. Baada ya wiki mbili Mangi alisimama mbele ya meza, mikono mfukoni, anatazama spika inavyofanya kazi. Akasema bila ukali, "Meza moja, spika moja. Sasa watu wawili wa nini?" Akatuachia tuamue wenyewe nani abaki.

Hatukuchukua siku nyingi kuamua. Jioni ileile, chumbani, mwenzangu alisema, "Baki wewe. Mimi nina dada Tunduma, wewe huna mtu."

Nikasema, "Haya."

Nilisema haraka. Ningeweza kusema tungoje, tumwombe Mangi, tugawane siku. Nilisema haya, na neno hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko spika ilivyorudia maneno yake.

Wiki za kwanza tulipigiana simu. Baadaye namba yake ikawa haipatikani. Nilijaribu kila Jumapili, halafu Jumapili moja moja. Kitanda kilikuwa chetu wote wawili, kikawa kikubwa mno. Nikawa nalala pembeni kwenye nafasi yangu ileile, sijui nilikuwa namwachia nani.

Asubuhi naenda kazini, nabonyeza kitufe, na yeye anaanza kuita wateja.

Watu hawakujua. Wanunuzi walikuwa wanatafuta kwa macho mtu anayecheka, wananiona mimi nimefunga mdomo. Yule mbeba mizigo alijua. Kila akipita ananitupia lake: "Dada, spika imemeza mwenzako. Wewe inakumeza lini?" Nami namjibu, "Ikishiba." Tunacheka. Akishapita, nabaki na meza.

Mdomo ulipokosa kazi, mwili ukaitafuta. Sikupanga. Nilianza kwa kidole cha mguu ndani ya ndala, halafu goti, halafu kiuno kikaingia. Nyuma ya meza kulikuwa na nafasi ya hatua mbili tu kati ya maboksi na ukuta, na ndani ya hatua hizo nilikuwa nacheza nikijijibu mwenyewe na kumjibu yeye. Tangu mtoto mimi ni mtu wa ndoto za mchana. Mama yangu alikuwa akinituma chumvi narudi na hadithi. Kwa hiyo nilikuwa nafumba macho kidogo nikijiona kwenye jukwaa kubwa lenye pazia, na viatu vya watoto vimekaa kwenye viti vinanitazama.

Mchana mmoja nilifumbua macho nikakuta mama mmoja amesimama mbele ya meza. Wa miaka arobaini na kitu, kichwa kimenyolewa kipara safi, raba nyeupe zilizochoka. Hakushika kiatu hata kimoja.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unacheza nini?"

"Sichezi, mama. Nasubiri wateja."

"Unasubiri vizuri sana," akasema.

Alikuwa mwalimu wa dansi. Walikuwa wanafanya mazoezi Gerezani, kwenye karakana moja iliyohamwa, karibu na reli. Alinielekeza nipite Jumamosi jioni nikifunga meza. Nilikwenda na sare yangu ya kazini, fulana ya duka, nikawakuta watu sita wamelala sakafuni kimya, kila mmoja na simu juu ya kifua. Nikadhani kuna msiba.

Mwalimu alinieleza kwamba ile ni dansi ya majaribio. Nikamuuliza tunajaribiwa na nani. Akacheka, akasema hakuna mtihani, hapo hakuna kukosea, kuna kutafuta tu. Walikuwa wanatafuta jambo moja: mwili wa mtu unafanya nini unapoishi na mashine siku nzima. Kaka mmoja alicheza kama mtu ambaye shingo yake imeota kwenye simu. Dada mwingine alikuwa anaruka kila simu inapotetemeka, hata ya mtu mwingine, na ukimtazama unacheka mpaka unagundua na wewe umeruka. Wote walikuwa wamesoma, wanazungumza maneno marefu, lakini mwili hauulizi cheti. Mwalimu aliniambia, "Wewe lete spika yako."

Mangi aliniazima kwa Jumamosi mbili. "Ikipotea nakata mshahara," akasema, halafu akaongeza, "chezeni vizuri."

Niliiweka katikati ya sakafu, nikabonyeza. Sheria ilikuwa moja: mashine haichoki, kwa hiyo usisimame kabla yake. Sauti itarudi mara arobaini, kila mara nijibu kwa mwili, na mara ya arobaini ndipo zima. Sauti yangu ilipoita nilijua la kufanya, nilirusha mikono, nilitupa mguu. Yake ilipoita, sikujua. Nilikuwa najikuta nimegeuka, nimeinama, nasogea kwenye spika kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Na kikija kicheko, mabega yalianguka yenyewe. Sikuyaangusha mimi. Yalianguka, shingo ikalegea, nikawa kama nilivyokuwa jioni chumbani tukiwa hatuna sauti.

"Hapo," mwalimu akasema. "Hapo hapo. Usirekebishe kitu."

Nilirudi Ilala kwa miguu nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimepata mahali pa kukutana naye.

Fundi sauti wa kundi lile alikuwa kaka wa makamo, miwani ameifunga kwa uzi, mtu mpole, haongei mpaka aulizwe. Jumamosi ya pili alisema betri ya spika inafifia, siku ya onyesho letu, Jumapili ya wiki ijayo, inaweza kutuaibisha, afadhali aichukue sauti aiweke kwenye kompyuta. Alisogeza kinasa sauti chake, spika ikaita, akachukua. Dakika tano tu. Nikamuuliza, "Sasa ipo humo?" Akasema, "Ipo, dada. Humu haitoki."

Jumanne yake bei ya viatu ikapanda kutoka elfu tano hadi elfu saba. Mangi alinipa spika: "Futa hiyo buku tano, sema saba. Sema yote wewe." Spika zile hazina kumbukumbu ya pili. Ukirekodi kipya, cha zamani kimekwenda. Miezi yote ile nilikuwa naiogopa siku hiyo. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, sauti ya mwenzangu isipotee, maana namba haipatikani, picha hatukuwahi kupiga, simu yangu ni kiswaswadu na haina hata kamera. Lakini Jumanne ile sikuogopa. Nilijua ipo kwenye kompyuta, haitoki. Nikabonyeza kwa amani kabisa. Nikasema viatu vya watoto, nikasema lete mguu, nikasema buku saba. Nikamrudishia Mangi spika yake.

Jumamosi ya tatu, mazoezi ya mwisho, fundi akabonyeza kompyuta. Sauti ikatoka kwenye maspika makubwa, safi kama maji ya chupa. Mkwaruzo haupo. Honi za nyuma hazipo. Mimi nipo, mwenzangu yupo, "lete mguu mama, lete mguuu," halafu kimya kifupi, halafu mimi tena.

Nilidhani imekatika. Nikangoja mzunguko wa pili. Kimya kilekile.

"Kaka, kicheko kiko wapi?"

Fundi akainua miwani. "Kipi? Aa, kile cha mwishoni? Nimesafisha, dada. Kulikuwa na kelele nyingi pale, mtu anaongea, mkokoteni, nini. Nikakata."

"Kirudishe."

"Nilihifadhi juu ya ileile." Alisema taratibu, akianza kuelewa uso wangu. "Lakini si tatizo. Niletee spika kesho asubuhi, nachukua upya, dakika tano."

Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi ya nje, inayotazamana na mafundi vipuri wa jirani, wakiwa wamefunga. Mwalimu alinifuata. Nilimwambia kila kitu, spika, Jumanne, na lile "haya" langu. Akasema maneno yaliyonifanya nimchukie kidogo, ingawa ni mtu ninayempenda: kwamba pengine hiyo ndiyo dansi yenyewe, ule ukimya. Nikamwambia, "Mwalimu, kwako ni dansi. Kwangu alikuwa mtu."

Akasema, "Ukitaka usicheze, usicheze."

Fundi alikuja nyuma yake, akasimama na chupa mbili za soda, moja akanipa. "Nisamehe, dada. Mimi nasikiaga kelele tu." Hata hasira ilinishinda. Mtu anayefanya kazi yake vizuri utamkasirikia vipi.

Nilicheza. Kama ningekataa, Jumapili ningekaa chumbani, na chumbani palikuwa kimya zaidi.

Onyesho lilikuwa alasiri, mlango mkubwa wa karakana umefunguliwa wote ili upepo uingie. Waliokuja walikaa kwenye mabenchi na matairi, wengi marafiki wa wachezaji, wachache wenye kamera. Mimi nilikuwa wa mwisho. Fundi akabonyeza. "Viatu vya watoto! Lete mguu! Buku tano!" Maspika yale yalikuwa na nguvu, sauti ikatoka mlangoni ikaenda barabarani, na barabarani wapo watu wanaotoka sokoni na mifuko.

Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tano. Kila nikifika kwenye kimya, mwili ulisimama mlangoni mwake haujui kuingia. Mabega hayakuanguka. Nilijaribu kuyaangusha kwa makusudi, nikaona aibu, ni kama kujitekenya mwenyewe. Kuanzia hapo nilikuwa nafika kwenye kimya na kukipita tu, kama mtu anayeruka shimo barabarani. Nilikuwa nacheza mbele ya watu kama sitini na sijawahi kuwa peke yangu kiasi kile.

Kama mzunguko wa ishirini hivi niliona watu mlangoni. Baba mmoja alichungulia, akaangalia huku na huku, akauliza kwa sauti, "Viatu viko wapi?" Mtu akamwashiria kwa mkono anyamaze. Wakaja akina mama wawili na mifuko. Wakasimama. Halafu mmoja wao, mnene, amefunga kilemba cha kijani, akavua ndala kwa heshima kama anaingia sebuleni kwa mtu, akakata katikati ya sakafu moja kwa moja mpaka kwangu.

"Binti," akasema, "mbona humu mnaita tano, na pale mezani kwenu saba?"

Watu wakacheka. Mimi bado mikono iko juu. Spika inaita. Sheria ilikuwa moja, usisimame kabla ya mashine.

Mama yule hakujali. Alifungua fundo la kanga yake akatoa kijiti, njiti ya ufagio wa chelewa imevunjwa kwa kipimo, akaninyooshea. Wanaofanya kazi ya viatu vya watoto wanaijua njiti hiyo. Mtoto yuko nyumbani, amelala au anaumwa au jua ni kali, mama anampima unyayo kwa njiti, kisigino mpaka kidole gumba, anavunja, anaifunga kwenye kanga. Ndiyo mguu wenyewe huo.

"Shika," akasema. "Wa kiume huyu. Yule mkubwa mlimvalisha nyie, mwaka jana, mkanipunguzia. Yule mwenzako yuko wapi? Namsikia anaita, simwoni."

Mikono yangu ikashuka.

"Hayupo, mama. Amehama."

"Yule anayecheka?"

"Ndiyo. Yule anayecheka."

"Aa-aa." Akatikisa kichwa, na akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akakiiga. Si kwa kunidhihaki, kwa kukumbuka tu, kama mtu anavyoonyesha urefu wa mtoto kwa kiganja. Akajibana, akashindwa, akaachia. Hakupatia sana. Chake kilikuwa kizito zaidi, na kiliishia kwa kikohozi. Lakini njia ilikuwa ileile, ule mlango wa kujibana na kushindwa. Mabega yangu yakaanguka.

Maspika yaliendelea kuita juu ya vichwa vyetu. Mimi nilikuwa nimesimama, nimeshika njiti, natazama uso wa mama nisiyejua hata anakaa mtaa gani, ambaye alikuwa amembeba mwenzangu mwaka mzima bila mimi kujua.

"Kesho njoo mezani asubuhi," nikamwambia. "Nitakuwekea."

"Kwa tano?"

"Hiyo utaongea na Mangi."

"Mangi namwezea," akasema, akavaa ndala zake, akaondoka na mwenziwe. Fundi alizima bila kuambiwa. Watu wakapiga makofi mengi, wakidhani tulipanga.

Baadaye walikaa uani, chipsi zikaja, picha zikapigwa. Kaka wa shingo aliniambia sehemu yangu ilikuwa bora kuliko zote. Mwalimu alinivuta pembeni.

"Ulisimama."

"Nilikuwa na mteja, mwalimu."

Akacheka, akanishika bega. Alisema wana onyesho lingine mwezi unaokuja, mahali pakubwa, na angependa tuiweke sehemu ile ya njiti, tutafute mama mmoja wa kuigiza, aingie hivyohivyo kutoka kwa watazamaji. Aliniuliza ninaonaje. Nilimwambia nitacheza, lakini mama wa kuigiza sitaki. Akauliza kwa nini, nikashindwa kueleza vizuri, na hata sasa siwezi sana. Nilimwambia tu, "Huyo hatakuwa anamjua." Mwalimu akatazama chini, akasema sawa, watacheza bila.

Nilirudi Ilala nikipita nyuma ya soko. Nilijaribu namba. Yule dada wa kampuni ya simu akaniambia haipatikani, kwa upole wake wa kila siku. Sikuwa na njia ya kumwambia mwenzangu kwamba leo mtu amekuiga, na hakupatia, na nimefurahi.

Jumatatu nilifika mapema. Mangi alifungua duka, akaniachia meza, akaenda kunywa supu. Nilitoa viatu kwenye gunia, nikavimwaga, spika sikuigusa. Nikachuchumaa na ile njiti. Niliiingiza kwenye kiatu kimoja, ikagusa mbele na nyuma, kiatu ni kidogo. Kingine kikubwa mno, mtoto angekiburuza. Nikajaribu raba nyekundu, nikajaribu za buluu, sandozi za mkanda. Mwishowe nikapata jozi nyeusi yenye kamba. Njiti ilikaa vizuri, na mbele ikabaki nafasi ya kidole changu kimoja, ile anayoachiwa mtoto ya kukulia. Nikaziunganisha kwa kamba zake, nikafunga fundo, nikaziweka chini ya meza kwenye kivuli.